Tunaopiga picha za anga tuandike mahali, saa na upande

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo wengi huliona la kupotezea muda, nalo ni kupiga picha za mawingu na anga na kutumiana sisi kwa sisi. Wapenzi wa jambo hili tumekuwa wengi tangu simu zenye kamera nzuri zilipoanza kushuka bei, na sidhani kama ipo familia yenye simu janja ambayo haijawahi kupokea picha ya upinde wa mvua, ya machweo mekundu au ya wingu jeusi lililofunika mji. Hoja yangu ni moja: tunazitumiana picha hizi kwa namna inayozipunguzia sehemu kubwa ya faida yake, kwa kuwa tunazirusha bila kueleza zilipigwa wapi, saa ngapi, na mpigaji akiwa ameelekea upande gani.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia na ninaishi Mwanza. Nimo katika kundi dogo la WhatsApp la watu waliotawanyika kuzunguka Ziwa Victoria: yumo muuguzi wa Bukoba, mkata tiketi wa kivuko, mvuvi wa Ukerewe, mwalimu mwenzangu wa Musoma, mwanafunzi wa Kisumu na binti mmoja aliyehamia Kigali kikazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyesomea utabiri wa hali ya hewa. Tulianza kwa kufurahishana tu, na kufurahishana hakuna ubaya. Mwalimu wa Musoma ndiye aliyeshikilia tangu mwanzo kwamba picha isiyo na maelezo hayo matatu isipokelewe, na wakati ule baadhi yetu walimwona mkorofi anayetaka kugeuza starehe kuwa mtihani. Ukorofi wake umetufikisha mahali ambapo uzuri wa picha peke yake usingetufikisha, na naomba nitoe mfano mmoja kwa urefu.

Asubuhi moja ya mwezi Novemba, dakika chache kabla ya jua kuchomoza, alitutumia picha aliyoipiga ufukweni akitazama magharibi. Ziwa lilikuwa shwari na bado lina giza, anga ya juu ilikuwa safi, ila pale maji yanapokutana na mbingu palikuwa na kitu kidogo chenye rangi ya waridi, kimetandazika kichwani mithili ya fuawe ya mhunzi. Katika picha ya pili alikuwa amenyoosha mkono mbele ya kamera, na vidole viwili vilivyolazwa vilitosha kukiziba chote. Dakika zile zile muuguzi wa Bukoba alituma picha yake kutoka dirishani, naye hakuwa na cha kuonyesha isipokuwa weusi mtupu, mvua iliyolazwa na upepo, na taa ya barabarani ambayo ilikuwa bado inawaka. Mimi kwa upande wangu, nikiwa juu ya mawe ya huku Mwanza na kutazama kaskazini-magharibi, niliona ubavu wa kijivu uliokuwa ukimulikwa kwa ndani na umeme, bila mngurumo wowote kunifikia.

Kila moja ya picha hizo tatu ikitazamwa peke yake haina ajabu. Ya Musoma inapendeza, ya kwangu ni ya wastani, na ya Bukoba mtu angeifuta ili apate nafasi kwenye simu. Zilipowekwa pamoja, zikiwa na saa na upande, ndipo tulipotambua kwamba sote tulikuwa tunatazama wingu moja. Musoma na Bukoba ziko karibu katika latitudo moja, zikitenganishwa na kilomita zaidi ya 200. Wingu la radi katika ukanda wetu wa tropiki linaweza kupanda hadi kilomita 15 na kuendelea, na kwa umbali ule mviringo wa dunia huwa umeshaficha takriban kilomita 4 za chini yake. Kinachobaki kuonekana ni kichwa, na kichwa hicho, kwa hesabu rahisi ya darasani, kina kimo cha karibu nyuzi tatu kutoka kwenye upeo wa macho, ambazo ndizo vile vidole viwili vya mkono ulionyooshwa. Kwa kuwa kiko juu sana, hupigwa na jua mapema kuliko mtu aliyesimama ufukweni, na ndiyo maana kilikuwa cha waridi wakati watu wa Musoma bado wanatafuta viatu gizani.

Kuna sababu ya wingu lile kuwa pale, kwa saa ile. Ziwa letu, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, hubaki na joto usiku wakati nchi kavu inayolizunguka imekwisha kupoa, na upepo huvuma kutoka nchi kavu pande zote kuelekea majini, ukakutana katikati na kupanda juu ukiwa na unyevu wote wa ziwa. Dhoruba za ziwani kwa hiyo ni za usiku na alfajiri, ilhali mchana mambo hugeuka, upepo ukavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, mawingu yakajipanga juu ya vilima na ziwa likabaki jeupe. Upepo wa jumla wa kutoka mashariki huzisukuma dhoruba hizo kuelekea magharibi, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya Bukoba kupata mvua mara mbili na zaidi ya ile inayopata Musoma kwa mwaka, ingawa zote ni bandari za ziwa lile lile. Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi kwa chaki na ubao, nikichora mishale. Sikuwahi kuwa na kitu cha kumwonyesha mwanafunzi chenye nguvu kama zile picha tatu zilizopangwa pamoja, zikiwa na saa zake.

Kwa mvuvi wetu wa Ukerewe, jambo hili lina uzito mwingine kabisa. Wavuvi wengi hutoka usiku, yaani katika saa zile zile ambazo ziwa hutengeneza dhoruba zake, na kila mwaka watu hupotea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Communications ulionyesha kwamba mvua kali za radi juu ya ziwa hili zinatazamiwa kuongezeka kadiri dunia inavyozidi kupata joto, na watafiti hao hao baadaye walieleza kwamba dhoruba za alasiri katika nchi kavu inayozunguka ziwa zinaweza kutoa ishara ya jinsi usiku utakavyokuwa majini. Mwaka 2017 ulianza mradi wa HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa ajili ya kuimarisha tahadhari za Ziwa Victoria katika nchi za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Sisemi kwamba picha za simu zichukue nafasi ya rada ya Mwanza au ya taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mtu anayeingia ziwani kwa kutegemea picha ya rafiki yake anajitafutia msiba. Ninachosema ni kwamba mvuvi aliyezoea kupokea kila alasiri picha ya anga ya nchi kavu, yenye saa na upande, huielewa haraka zaidi tahadhari inaposomwa redioni, kwa sababu kinachotajwa amekwisha kukiona.

Wapo watakaouliza kama kweli picha za watu wa kawaida zimewahi kuwa na maana yoyote kwa wataalamu. Zimewahi. Mwaka 2005 Mwingereza Gavin Pretor-Pinney alianzisha chama cha wapenzi wa mawingu kiitwacho Cloud Appreciation Society, ambacho wanachama wake hutumiana picha kutoka pembe nyingi za dunia. Mwaka 2006 ilipigwa picha huko Cedar Rapids, katika jimbo la Iowa, Marekani, ya anga ambayo upande wake wa chini ulikuwa na mawimbi mazito yaliyovurugika, yasiyofanana vizuri na umbo lolote lililokuwa limeorodheshwa. Picha nyingine za namna ile zikafuata kutoka nchi nyingine, chama kikapendekeza umbo hilo litambuliwe, na mwezi Machi 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipotoa toleo jipya la atlasi yake ya kimataifa ya mawingu, ambayo chapa yake ya kwanza ni ya mwaka 1896, umbo hilo lilimo kwa jina la asperitas. Wanasayansi walioandika kulihusu waliweza kuzilinganisha picha za wanachama na vipimo vya anga vya siku zile kwa sababu picha zilikuwa na mahali na wakati. Bila hivyo zingebaki mapambo ya ukutani.

Hata programu ya GLOBE Observer inayoendeshwa kwa ushirikiano na NASA, ambayo mtu yeyote mwenye simu janja anaweza kuitumia, imejengwa juu ya msingi huo huo. Mtumiaji hutakiwa kupiga picha sita: kaskazini, mashariki, kusini, magharibi, juu kabisa, na chini pale aliposimama. Mwanzoni niliicheka hiyo ya sita. Maana yake ni kwamba satelaiti hutazama kutoka juu, na wakati mwingine hutatizika kutofautisha wingu na ardhi inayong'aa, kwa hiyo aliye chini huulizwa amekanyaga nini. Satelaiti huona migongo ya mawingu na sisi tunaona matumbo yake, na kila upande unamhitaji mwenzake.

Mhariri, kuna picha za aina moja ambazo huzua taharuki kila zinapotokea, nazo ni za duara la mwanga kuzunguka jua. Husambazwa zikiwa na maneno ya kutisha, mara ni dalili ya tetemeko, mara ni mwisho wa dunia. Sina ugomvi na mtu anayeona katika anga utukufu wa Muumba, nami nauona. Duara hilo, hata hivyo, hutokea mwanga wa jua unapopinda ndani ya chembe za barafu zenye pande sita zilizomo katika mawingu membamba ya juu sana, ambako ni baridi kali hata kama sisi huku chini tunatoka jasho, na mwanga unaopinda hivyo huacha duara lenye nusu kipenyo cha nyuzi 22 hivi. Yeyote anaweza kuhakikisha: simama mahali ambapo nguzo au ukingo wa paa umeliziba jua lenyewe, nyoosha mkono, tanua shubiri, weka ncha ya kidole gumba usawa wa jua, na kidole kidogo kitaangukia karibu na duara. Muuguzi wetu wa Bukoba hupiga picha ya namna hiyo shubiri yake ikionekana, na picha moja ya hivyo imetuliza watu wengi kuliko hotuba ndefu. Naongeza kwamba jua lisitazamwe moja kwa moja kwa macho, wala kupitia kioo cha kukuza.

Ubaya mwingine unatokana na picha zisizo za kwetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya kimbunga katika Bahari ya Hindi, kama ilivyofanya kwa kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024, simu hujaa picha za mawingu ya kutisha zinazodaiwa kuwa za pwani yetu ya saa ile ile. Niliwahi kutumiwa moja iliyosemwa kuwa ni ya kusini mwa Tanzania, wingu limeinama juu ya barabara pana, na magari yote yanapita upande wa kulia. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Mtindo wa kutaja mahali, saa na upande hauwezi kumzuia mwongo aliyekusudia, ila huwafanya wanaopokea wazoee kuuliza, na mwenye kurusha picha ya kuokota hujikuta hana jibu. Na nisiwaonee watu wa mitandao peke yao. Yako magazeti, nayo si machache, ambayo habari ya mvua ya jana huipambia wingu la miaka mingi iliyopita kutoka mji mwingine, chini yake yakaandika "picha ya maktaba" kwa herufi ndogo, bila mwaka wala mji. Msomaji wa kawaida huona wingu na huona habari, akaunganisha.

Kuhusu namna ya kutuma, wengi hawajui kwamba picha inapotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hubanwa ili isile bando, na maelezo yaliyofichwa ndani yake, yakiwamo ya wakati na mahali ilipopigwa, huondolewa. Njia moja ni kuituma kama hati badala ya picha, ambapo hufika ilivyo. Hiyo ina gharama yake ya bando, na pia huweza kumfichulia mpokeaji mahali unapoishi, jambo ambalo si kila mtu angelipenda. Kwangu mimi iliyo bora zaidi ni kuandika maelezo kwa mkono chini ya picha, kwa maneno ambayo mtu mwingine wa mji ule atayaelewa. Hapa Mwanza ukisema umesimama karibu na kivuko cha Kamanga na Jiwe la Bismarck likiwa mbele yako kidogo kushoto, umenieleza upande bila dira.

Saa nayo ina matata yake, na katika kundi letu ndiyo iliyoleta mabishano mengi kuliko mawingu yenyewe. Simu inaonyesha 06:20, mtu wetu anaandika saa 12:20, na asipoongeza neno "asubuhi" hakuna ajuaye kama ni mapambazuko au machweo, maana katika picha vyote viwili vinafanana. Tena Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo binti yetu akiandika saa 12 asubuhi, sisi huku ni saa 1. Tumekubaliana kwamba kila mtu aandike saa ya Kiswahili pamoja na kipindi cha siku, na aliye nje ya nchi ataje kwamba ni saa ya huko aliko.

Jambo la kuremba picha nalisema kwa ufupi. Kuna simu siku hizi zenye uwezo wa kuondoa anga yote na kuweka nyingine, ili harusi iliyofanyika siku ya manyunyu ionekane ilikuwa na jua. Kwa harusi, sina neno. Picha ya namna hiyo ikiletwa kwa wapenzi wa anga ni udanganyifu, hata kama aliyeileta alikuwa anatania. Kuongeza mwanga kidogo ili wingu lionekane kama macho yalivyoliona ni jambo jingine, na si mimi wa kulikataza, kwa sababu kamera ya simu ikielekezwa kwenye sehemu nyeupe ya anga huifanya nchi yote kuwa giza, na mtazamaji akadhani ilikuwa jioni.

Nitahadharishe pia kuhusu usalama, kwa kuwa nimeona vijana wakisimama kwenye mawe marefu ya ufukweni kuisubiri radi waipige picha. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Ukiona umeme na kusikia mngurumo kabla hujafika kuhesabu 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na pa kuwa ni ndani ya nyumba. Vilevile, anayeinua simu juu karibu na kambi ya jeshi au kiwanja cha ndege ajue kwamba askari hatakuwa na subira ya kusikiliza habari za mawingu. Mkata tiketi wetu anaweza kusimulia.

Sasa ombi langu kwako, Mhariri. Gazeti hili hutenga kila siku nafasi ndogo ya kutaja nyuzi joto za miji mikubwa. Naomba mara moja kwa wiki, pembeni ya nafasi hiyo, muweke picha moja ya anga iliyopigwa na msomaji, kwa rangi kama inawezekana, na chini yake mambo manne: mahali, tarehe na saa, upande alioelekea, na kilichofuata katika saa moja au mbili baada ya picha, kama ni mvua, upepo, au hakuna kitu. Hilo la nne ndilo ninaloling'ang'ania kuliko yote. Kila mtu huonyesha wingu jeusi lililoleta mafuriko. Ni wachache wanaoonyesha wingu jeusi lililopita bila kudondosha tone, na mkulima wa Sengerema au Magu anayesubiri kupanda anahitaji kuyaona yote mawili ili ajifunze kuyatofautisha. Picha isiyo na mambo hayo manne irudishwe kwa mwenyewe, hata iwe nzuri namna gani, na jina la mpigaji lichapishwe ikiwa ameridhia. Mkiwaomba wataalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa waongeze sentensi mbili za kueleza wingu lile ni la aina gani, naamini hawatakataa.

Kama ombi hili litakubaliwa, nashauri nafasi hiyo ianze mwezi Oktoba, mvua za vuli zinapokaribia huku kwetu, kwa kuwa ndipo anga hubadilika mara nyingi kwa siku moja na wasomaji watakuwa na mengi ya kutuma. Kwa wiki za kwanza, wakati wengine wakizoea utaratibu, kundi letu lina picha za kutosha za kuanzia, kutoka pande zote za ziwa, kila moja ikiwa na saa yake.

Mwalimu mstaafu na mpenzi wa mawingu,
Kirumba, Mwanza